Dhahabu hii ni ya wapi? Uzi kwa wanaobishana kuhusu bonge na bei yake

Wandugu, uzi wa leo ni mrefu, kwa hivyo shika chai kwanza.

Kila mara Kakamega au Migori ikitajwa kwenye habari, ubishi ni ule ule. Mmoja anasema dhahabu ni dhahabu, bei inapangwa London na mambo yakaisha. Mwingine anasema tunaibiwa kwa sababu dhahabu yetu haina jina. Wote wawili wana nusu ya ukweli, na ni historia inayoonyesha nusu ya nani iko wapi. Sitataja mwanasiasa wala chama, na wewe kwenye majibu tafadhali usitaje. Tukianzia huko hatutoki.

Mimi naishi Mwiki, upande huu wa Ruiru, mahali kila ploti ya pili ina mjengo. Huku hata mtoto anajua jiwe la Ndarugo. Lori likisimama, mwenye ploti kabla hata ya kuuliza bei anauliza, "Haya ni ya wapi?" Ndarugo linakatwa kwa mashine, limenyooka, halili simiti sana, ndiyo maana bei yake iko juu. Na kwa vile bei iko juu, kuna watu wanabeba jiwe la kwingine na kuliita Ndarugo. Lakini fundi mzoefu akiliangalia tu anakwambia ukweli. Jiwe limebeba kwao usoni.

Bonge la dhahabu pia limebeba kwao, lakini ni mpaka siku ya kuingia motoni.

Dhahabu ya asili haitoki ardhini ikiwa safi. Huja imechanganyika na fedha, wakati mwingine na shaba kidogo, na kiwango hicho hutofautiana mahali na mahali. Bonge la gramu 100 likiwa na dhahabu asilimia 85, wewe una gramu 85 za dhahabu, na mnunuzi atalipia hizo 85 tu, akishakata gharama yake ya kusafisha. Kwa hivyo hapo asili inagusa bei, lakini kwa njia ya kawaida kabisa, kama mahindi yenye unyevu. Ikishayeyushwa na kusafishwa mpaka karati 24, ya Migori, ya Ituri na ya Geita zote ni metali moja. Huwezi tena kuitazama ukajua ilizaliwa wapi. Kinachobaki kusema ni karatasi.

Kuna soko moja ambalo mambo ni kinyume. Mwaka 1980 huko Victoria, Australia, mtu mwenye mashine ya kutafutia metali alichimbua bonge la kilo 27 hivi. Likapewa jina, Hand of Faith, likauzwa kwa kasino moja ya Las Vegas kwa zaidi ya dola milioni 1, pesa zilizopita kwa mbali thamani ya metali yenyewe. Walinunua umbo, mahali na hadithi. Kumbe hapo hapo Victoria, mwaka 1869, lilipatikana bonge kubwa zaidi, Welcome Stranger, zaidi ya kilo 70. Halikutosha kwenye mizani ya mjini, likapasuliwa vipande juu ya fuawe la mhunzi, likaenda kuyeyushwa. Jimbo ni lile lile, moja lilipata bei ya jina, jingine likapata bei ya uzito.

Sisi huku tuko upande wa uzito. Kwanza, dhahabu nyingi ya Kakamega na Migori iko ndani ya mwamba, chembe ndogo ndogo, si mabonge ya kuokota mtoni. Inasagwa, inakamatwa kwa zebaki, inachomwa. Pili, hata mchimbaji akibahatika kupata kipande kizuri, broka anayemngoja pale shimoni ana mizani na pesa taslimu, hana haja na hadithi.

Na si jambo la leo. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ambayo haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka pwani hadi Sofala, ikapanda jahazi. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alisikia habari za Sofala na dhahabu yake. Wareno walipokuja mwaka 1505 wakaiteka Kilwa na kujenga ngome Sofala, kwa sababu jina walilokuwa nalo vichwani lilikuwa la bandari. Aliyeingia shimoni huko bara hakuwa na jina katika biashara hiyo.

Sasa tuje Kakamega, na hapa tukae kidogo, maana wengi wanaobishana hawaijui hii.

Septemba 1931 Uingereza iliacha kufunga pauni yake na dhahabu. Pauni ikaanguka, kwa hivyo bei ya dhahabu kwa pauni ikapanda. Wakati huo huo walowezi wa Uasin Gishu na Trans Nzoia walikuwa wamebanwa: bei ya mahindi imeporomoka duniani, nzige wamekula shamba, benki inadai. Mwaka huo huo dhahabu ikapatikana Kakamega. Unaweza kukisia kilichofuata. Mamia ya Wazungu walihamia huko na hema zao, wakipiga vigingi kwenye mashamba ya watu.

Shida ilikuwa moja: ardhi ile ilikuwa ndani ya hifadhi ya Waafrika. Mwaka 1930 tu serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya kuahidi kwamba ardhi ya hifadhi ni ya wenyeji milele. Sheria ilisema kipande kikitolewa, kipande kingine cha thamani sawa kitaongezwa, na baraza la wenyeji litaulizwa kwanza. Desemba 1932, miaka miwili tu baadaye, ikarekebishwa harakaharaka. Kwa ajili ya madini, hakuna haja ya kuongeza ardhi nyingine, pesa zinatosha. Hakuna haja ya kuuliza baraza. Jambo hilo lilileta kelele hadi Bunge la London mwanzoni mwa 1933, lakini sheria ilibaki.

Angalia vizuri. Bei ya aunsi moja ilikuwa ile ile kwa dhahabu ya Kakamega na ya Johannesburg. Kilichotofautiana ni kiasi gani cha bei hiyo kilimwendea mwenye shamba, na hilo liliamuliwa na mahali dhahabu ilipolala. Ingekuwa chini ya shamba la mlowezi, kungekuwa na mazungumzo marefu na mawakili. Kwa vile ilikuwa chini ya migomba ya Mluhya, walibadilisha sheria. Maelfu ya Waafrika waliishia kuwa vibarua kwenye migodi iliyochimbwa kwao wenyewe. Mgodi mkubwa, Rosterman, ulifungwa mwaka 1952, na mpaka leo ukipita pale jina lipo.

Ndiyo maana mzee wa Ikolomani akisikia neno "fidia" anakunja uso. Kabla umwite mpinga maendeleo, kumbuka 1932.

Kisha kuna Goldenberg. Vijana wengi wanalijua jina tu, hawajui mtego wenyewe ulikuwa wapi. Mtego ulikuwa kwenye swali "ya wapi?"

Kenya ilikuwa na sheria ya kuwalipa fidia wenye viwanda wa hapa nchini wanaouza bidhaa nje. Nia ilikuwa nzuri, ulete dola nyumbani, serikali inakurudishia kitu kidogo. Kiwango cha sheria kilikuwa asilimia 20. Kuanzia 1990, kampuni ya Goldenberg ikapewa haki ya peke yake kuuza nje dhahabu na vito vya almasi, na ikawa inalipwa asilimia 35. Sasa jiulize. Kenya haichimbi almasi. Dhahabu wakati huo tulikuwa tunatoa kidogo mno. Basi bidhaa hizo zilikuwa za Kenya kivipi? Dhahabu ya nchi nyingine ikipita hapa haikustahili hata shilingi ya fidia, na dhahabu ambayo haipo ndiyo kabisa. Lakini kwenye fomu ya forodha iliandikwa ni yetu, na hazina ikalipa mabilioni. Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Bosire iliundwa mwaka 2003, na sisi tulioishi miaka ile ya tisini tunakumbuka shilingi ilivyoanguka na bei ya unga ilivyopanda. Unaona sasa? Pale neno "Kenya" kwenye karatasi lilikuwa na bei kuliko metali.

Jirani zetu wana toleo lao. Wakati wa vita vya Congo, kuanzia 1998, dhahabu ya Ituri ilivuka mpaka na kuuzwa nje kama ya Uganda, na Uganda ikawa inauza nje dhahabu nyingi kuliko inayochimba. Congo ilienda Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Februari 2022 mahakama hiyo iliiamuru Uganda kulipa dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 60 zilikuwa kwa ajili ya maliasili. Mwezi uliofuata Marekani ikaiwekea vikwazo kampuni ya African Gold Refinery ya Entebbe kwa tuhuma za dhahabu ya Congo. Kabla ya hapo, sheria ya Marekani ya 2010 ilikuwa imezitaka kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko yao ya hisa zieleze kama dhahabu yao inatoka Congo au nchi zinazopakana nayo.

Matokeo yake kwa mchimbaji wa kule? Sheria ilikusudiwa kuwakata pumzi wenye bunduki, lakini mchimbaji asiye na karatasi safi alijikuta anauza kwa bei ya chini kwa mtu wa magendo. Huyo akaisafirisha, ikayeyushwa, ikatoka na uraia mpya. Tofauti ya bei ikabaki mikononi mwa waliojua njia. Sisemi sheria ile ilikuwa mbaya. Nasema anayelipia jina chafu la mahali si yule aliyelichafua.

Na jina hilo hilo la Congo ndilo matapeli wa Nairobi wanaishi nalo. Mgeni anaonyeshwa masanduku, anaambiwa ni dhahabu ya Congo, imekwama uwanja wa ndege, lipa ushuru itoke. Kwa nini Congo? Kwa sababu kila mtu anaamini dhahabu ya kule ni ya bei rahisi na ina siri, kwa hivyo mnunuzi haulizi karatasi. Tamaa yake ndiyo inamfunga mdomo.

Tanzania walijaribu kitu kingine. Mwaka 2019 waliondoa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wachimbaji wadogo, kisha wakafungua masoko ya madini, Geita ikiwa miongoni mwa ya kwanza. Mantiki ni rahisi: ukimpa mchimbaji bei nzuri na mizani ya wazi, ataileta mwenyewe na kuandikisha imetoka wapi.

Jana mtu aliniuliza kwenye majibu: "Sasa hiyo inanihusu nini mimi niko Mwiki, sina shimo?" Sheria yetu ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali ya kitaifa, 20 kaunti inakochimbwa, 10 jamii ya mahali hapo. Wewe uko kwenye ile 70. Na ugawaji huo unaanza pale tu dhahabu inapoandikishwa mahali ilipotoka. Gramu inayotoka Migori mfukoni mwa broka haimlipi Mwiki, haimlipi Migori, na huko inakofika itaitwa jina jingine. Kwa hivyo mgombea akija stejini kwetu na ahadi za dhahabu, muulize ni masoko mangapi ya wazi ataweka na yatakuwa mji gani, na ile asilimia 10 inaingia akaunti ya nani.

Maswali yalete chini. Matusi peleka kwa majirani.