Kuandaa Jino kwa Kuziba

Kuandaa jino kwa kuziba ni kazi inayofanywa kwenye kuta za tundu la jino kabla ya kutiwa dawa ya kuzibia, ili dawa ishikamane na jino lenyewe. Amalgamu, mchanganyiko wa zebaki na fedha, haishikamani na jino: tundu huchongwa liwe pana chini kuliko mdomoni, dawa ikabanwa humo, na sehemu ya jino isiyo na uozo hupotea katika uchongaji huo.

Njia ya kugandisha dawa kwenye jino lenyewe ilianzia Rochester, Marekani, mwaka 1955, Michael Buonocore alipopaka enameli asidi ya fosforiki ya asilimia 85 kwa sekunde 30. Siku hizi hutumika asidi ya asilimia 37 hivi, kwa sekunde 15 hadi 30. Enameli, tabaka gumu la nje la jino, ni madini karibu asilimia 96 ya uzito wake; asidi huitoboa vitundu visivyoonekana kwa macho, na gundi ya rezini huingia humo ikakauka. Ikioshwa na kukaushwa, enameli iliyoiva kwa asidi huwa nyeupe kama chaki. Ikibaki inang'aa, kazi haijafanyika.

Dentini iliyo chini yake ni ngumu kuitawala, kwa kuwa ina maji na nyuzi za kolajeni. Asidi isizidi sekunde 15, na uso wake usikaushwe kabisa: nyuzi zikikauka hulala na kuifungia gundi njia. Mate nayo ni adui. Tone moja likigusa uso uliokwisha kuandaliwa, sharti uoshwe na kuandaliwa tena.

Ugumu wa mambo hayo huonekana katika mji kama Mwingi, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa. Kompoziti, dawa ya rezini inayogandishwa kwa gundi hiyo, hudai umeme wa taa ya kuikaushia, maji safi ya kuoshea asidi, na hewa isiyo na mafuta ya kompresa. Ukame ni jambo la kawaida huku, na vijijini umeme si wa kutegemewa. Ndiyo maana dawa inayofaa zaidi kwa kliniki za mashinani ni glasi ayonoma, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hiyo hushikamana na kalsiamu ya jino kwa nguvu ya kikemia na haihitaji taa.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii, nayo haisimuliwi vya kutosha. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuziba meno kwa zana za mkono tu, bila mashine. Shirika la Afya Duniani liliiunga mkono mbinu hiyo mwaka 1994. Uozo laini hukwanguliwa. Kisha pamba yenye asidi dhaifu ya poliakriliki hupitishwa tunduni kwa sekunde 10 hadi 15, tundu likafutwa kwa pamba iliyolowa, halafu kwa pamba kavu. Glasi ayonoma ikiwekwa, hukandamizwa kwa kidole chenye glavu iliyopakwa vaselini.

Wagonjwa nao huja na mambo yao. Mafuta ya karafuu, ambayo wengi huyatia jinoni kutuliza maumivu, yana yujenoli, na yujenoli huzuia rezini kukauka. Daktari mwangalifu huuliza kwanza. Maji ya visima virefu hubeba floraidi kwa viwango vinavyotofautiana, na ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, meno ya watoto yanayokua huweza kupata madoa. Enameli ya namna hiyo hukataa asidi, hivyo huongezewa muda au husuguliwa kidogo kwanza. Mila ya zamani ya Wakamba ya kuchonga meno ya mbele yawe na ncha hupunguza enameli ya kushikiwa, kwa hiyo gundi hutegemea dentini zaidi.

Joto la Mwingi huharakisha glasi ayonoma kuganda, hivyo huchanganywa juu ya kibao cha kioo kilichopozwa, uso wa jino ukiwa tayari. Chupa ya gundi ya rezini, yenye kiyeyusho cha asetoni au alkoholi, hufungwa mara tu tone linapotolewa, kwa sababu kiyeyusho kikiruka gundi haipenyi.