Programu huria: tulianzia na orodha ya maneno

Nimekuwa kimya kwa sababu ya kazi, si uvivu. (Haya, uvivu kidogo.)

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye matatu kutoka Ruiru kwenda Thika. Pale Juja akapanda kijana mmoja ninayemfahamu, yuko mwaka wa pili, anasomea sayansi ya kompyuta. Hata hajakaa vizuri akaniuliza: "Brathe, hizi programu huria mtu huanzia wapi? Kila nikiangalia wanataka mtu ambaye tayari anajua."

Nikaanza kumweleza Git, ghala la msimbo ni nini, unavyonakili mradi, unavyotuma badiliko. Tulishuka Thika akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyopanda. Nikiwa njiani kurudi ndipo nikaona nilimjibu vibaya. Linus Torvalds aliandika Git mwaka 2005, na GitHub ilikuja 2008. Watu wa huku kwetu walikuwa wameshaanza kabla ya hapo, tena na kitu ambacho hakikuhitaji Git. Kwa hiyo leo nalijibu swali lake upya.

Turudi 2004. Afrika Mashariki haikuwa na kebo hata moja ya intaneti chini ya bahari. SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu 2009. Intaneti ilipitia setilaiti, polepole na kwa bei kali. Kupakua mfumo mzima wa Linux kwenye saiba ya Thika ilikuwa ndoto. Ndiyo maana Ubuntu, iliyotoka Oktoba 2004, ilipendwa sana na wanafunzi: ukiomba, unatumiwa CD kwa posta bila malipo. Huduma hiyo ilifungwa 2011. Mimi sikuwahi, ila nilikuta CD moja kwenye droo ya saiba nilipokuwa nikijishikiza likizo moja, imekwaruzwa hadi haisomeki.

Mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi walikuwa na mradi ulioitwa Kilinux. Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org yenye menyu za Kiswahili. Kazi kubwa haikuwa kuandika msimbo. Ilikuwa kukaa na kukubaliana maneno.

Lakini kipande ninachokipenda zaidi kilitoka huku Kenya. Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, alitengeneza kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili na kuiachilia kwa leseni ya LGPL. Kamusi ya namna hiyo ni faili mbili za maandishi ya kawaida. Ya kwanza, yenye jina linaloishia na .dic, ni orodha: mstari wa juu una idadi ya maneno, halafu neno moja kila mstari. Ya pili, .aff, ina kanuni za viambishi. Unaweza kuzifungua kwa kihariri chochote, hata kwenye kompyuta kuukuu.

Hapo ndipo Kiswahili kinapokutoa jasho. Kiingereza kikishakuwa na "read" na "reads", kazi imekaribia kwisha. Sisi tuna anasoma, hawakusoma, atakayenisomea, wanaosomeshwa, na kuendelea. Programu ya MySpell iliyotumika wakati huo iliruhusu kiambishi awali kimoja na tamati kimoja tu kwa neno. Kitenzi chetu kinapanga viambishi kama abiria wa jioni. László Németh wa Hungaria alikerwa na shida hiyo hiyo katika lugha yake, akaipanua MySpell ikawa Hunspell.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 2010 Oracle iliinunua Sun, mwenye OpenOffice.org, na Septemba hiyo wachangiaji wengi wakajitenga wakaanzisha LibreOffice. Kamusi ya Kiswahili ikahama nao. Hakuna aliyehitaji kupiga simu Njoro kuomba ruhusa, kwa sababu leseni ilikuwa imeshajibu. Faili inaitwa sw_TZ, TZ ya Tanzania, ingawa mwandishi ni wa Egerton. Nilicheka sana siku nilipoiona.

Mradi wangu wa mwaka wa nne ulikuwa tofauti. Tulikuwa wanne, tukaandika mfumo wa malipo ya sacco ya matatu, tukapata A. Wiki mbili baadaye kompyuta ikaibwa hosteli. Msimbo wote ulikuwa humo, nakala moja, bila leseni. Sina hata mstari wa kukuonyesha.

Shule yangu halisi ikawa OpenMRS. Asili yake iko karibu na Eldoret: mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kuweka rekodi za wagonjwa katika Microsoft Access. Wagonjwa wakazidi uwezo wa mfumo ule, 2004 kazi ikaanza upya kama programu huria, na Februari 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Mwaka 2007 ikaingia Google Summer of Code, ambayo wakati huo ililipa wanafunzi kuandika programu huria. Huko wachangiaji hupangwa kwa ngazi, mgeni kabisa akiitwa /dev/null. Sikuona ni tusi. Mchango wangu wa kwanza ulikuwa kurekebisha hatua moja katika maelezo ya usakinishaji. Ulirudishwa mara tatu. Mara ya tatu nilifunga kompyuta kwa hasira nikaenda kula chapati Gachororo, nikarudi nikagundua mhakiki alikuwa sahihi.

Najua mtauliza, na Ushahidi? Sawa. Ory Okolloh alitoa wazo Januari 2008 wakati wa ghasia za uchaguzi, David Kobia akaandika toleo la kwanza kwa siku chache, na Januari 2010 likatumika Haiti baada ya tetemeko. Ni kisa kizuri, lakini kimewapotosha wanafunzi wengi, mimi nikiwemo, tukidhani programu huria ni wikendi moja ya kishujaa. Lile toleo la siku chache liliandikwa upya baadaye.

Jumapili nilimtumia yule kijana faili ya .dic kwa WhatsApp, nikamwambia atafute maneno anayotumia kila siku ambayo hayamo. Jana amenirudishia kumi na manne. Sita ni makosa yake mwenyewe ya tahajia. Manane tunayatuma Ijumaa, bando ni langu.