Barafu ya Nairobi

Kwetu Bariadi barafu ni ile ya kwenye mfuko wa nailoni, ya ubuyu au ya maziwa, unayoing'ata kona ukitoka shule. Kwa hiyo nilipomwambia bibi kuwa nakwenda Nairobi kutazama watu wakicheza mpira wa magongo juu ya barafu, aliuliza swali la maana: "Haiyeyuki?"

Haiyeyuki. Uwanja uko ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, tangu 2005, na mitambo ndiyo inayougandisha. Mchezo wenyewe ni wa Kanada. Mechi ya kwanza ya ndani ya ukumbi ilichezwa Montreal tarehe 3 Machi 1875. Timu ya Nairobi, Ice Lions, iliundwa 2016. Shida yao haikuwa joto, ilikuwa mpinzani: walikuwa wakijigawa na kucheza wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya Tim Hortons ikawapeleka Kanada wakapate timu ya kucheza nayo, na nyota wawili wakubwa, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi za Kenya wakacheza upande wao. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo. (Sisi tulijaribu magongo ya kawaida, Olimpiki ya Moscow 1980. India ilitufunga 18–0. Tuendelee.)

Mama hakuona cha kuchekesha. Nasoma shahada ya uzamili ya historia kwa pesa ya pamba, na pamba ya mwaka jana haikuwa pamba. "Nauli yote hiyo ukaangalie watu wanateleza?"

Bibi ndiye aliyenitetea. Enzi za usichana wake, baada ya mavuno, walitembea kutwa nzima kwenda kuona Bagika na Bagalu wakishindana ngoma. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Mtazamaji ndiye anayeamua. "Sasa asipokwenda mtu, nani atashinda?"

Safari nimeshaipanga: Bariadi hadi Lamadi, kisha Bunda, Tarime, Sirari, navuka mpaka Isebania, halafu Migori, Kisii, Narok. Nilipolitaja jina la Sirari, bibi akanyamaza.

Babu alikuwa na kaka yake Nairobi, mfanyakazi wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Alikusanya nauli misimu miwili ili akamwone. Februari 1977, Jumuiya ikivunjika, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Katika vitabu nilivyosoma darasani jambo hilo ni aya moja: mashirika ya pamoja, madeni, siasa za Nyerere na Kenyatta. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Babu aliandika barua mwezi uleule. Haikujibiwa, wala ya pili. Nauli ilikuwa imeshageuka mbuzi, na mbuzi wakageuka ada.

Nimeandika insha mbili kuhusu kuvunjika kwa Jumuiya. Hili sikuwahi kuambiwa, na sikuwahi kuuliza.

Kesho yake asubuhi bibi alinipa bahasha ya zamani, mwandiko wa babu: jina la kaka yake, na chini yake neno Muthurwa, zilikokuwa nyumba za wafanyakazi wa reli.

"Hapo na penye barafu ni mbali?"

Nikafungua ramani kwenye simu nikamwonyesha. Kisha nikaongeza siku moja kwenye safari.