Namba yenye sifuri kumi na moja

Wandugu, tuhesabu. Mwaka 1993, zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3.000.000. Mwaka 1998, faranga 1 ikachukua nafasi ya zaire mpya 100.000. Nikizidisha napata zaire za zamani 300.000.000.000 kwa faranga 1!

Tuipasue kwa namba tasa: inatoa 2 kumi na moja, 5 kumi na moja, na 3 moja tu. Kila 2 ikizidishwa na 5 inazaa sifuri. Ile 3 ni kovu la 1993.

Na mwaka 1967 zaire 1 ilikuwa dola 2. Basi tusiseme wazazi wetu wa Bukavu hawakujua kuweka akiba. Waliweka; feza yenyewe ndiyo iliwatoroka sandukuni.