Baraza la Wapimaji

Mwishoni mwa mwaka 1943, katika shamba moja la Fairfax, jimboni Virginia nchini Marekani, palifunguliwa nyumba ambayo kila aliyeingia, awe afisa wa jeshi au mwanachuoni, ilimlazimu kuacha mlangoni nguo zake na cheo chake, avae sare ya kazi isiyo na alama, aitwe kwa jina la bandia, na kwa siku tatu ashikilie kisa cha maisha yasiyo yake, ilhali wenyeji wake wakimtega kwa kila hila apate kuteleza. Nyumba ile ilikuwa mali ya OSS, idara ya ujasusi wa wakati wa vita, na miongoni mwa wakuu wa kazi yake alikuwa Henry Murray, mwanasaikolojia wa Harvard.

Mtihani mmoja wa nyumba hiyo umekumbukwa kuliko mingine. Mtahiniwa alionyeshwa rundo la nguzo na vigingi vya mbao, akaambiwa asimamishe fremu kwa dakika 10, naye apewe vibarua wawili wa kumsaidia, Kippy na Buster. Kippy alizubaa, hafanyi jambo ila kwa kuamriwa. Buster alikuwa na ulimi mkali, akikosoa kila shauri na kutoa mashauri yasiyofaa. Wote wawili walikuwa watumishi wa idara, wamefundishwa kumchosha. Katika historia yote ya nyumba ile hapakutokea mtu hata mmoja aliyeimaliza fremu kwa wakati, maana mbao zilikuwa kisingizio tu. Kilichopimwa ni subira. Zaidi ya watu 5,000 walipimwa na idara hiyo kabla vita havijaisha, na habari zake zikatolewa katika kitabu mwaka 1948. Mimi huzisoma kwa mastaajabu na kwa uchungu pia, kwa sababu mtu yule aliyetokwa na jasho mbele ya nguzo zake hakuwa na ruhusa ya kujua anatazamwa kwa jambo gani.

Asili ya fani hii si ya Marekani. Jeshi la Ujerumani lilikuwa limekwisha kuwapima maafisa wake kwa kuwaweka katika kazi za majaribio, na Waingereza, baada ya kuona kwamba usaili mfupi wa kuulizana shule na ukoo unawaletea vijana wengi wanaorudishwa kutoka mafunzoni kwa kutofaa, walianzisha mabaraza yao ya kuchagua maafisa mwaka 1942. Huko kundi la vijana liliachwa bila kiongozi, likapewa kazi, na wapimaji wakakaa kando wakitazama ni nani atakayesikilizwa na wenzake.

Vita vilipokwisha, fani ilihamia katika biashara. Mwaka 1956, Douglas Bray wa kampuni ya simu ya AT&T alianza kuwafuatilia vijana 422 waliokuwa wakipanda ngazi za uongozi, wakapimwa kwa siku tatu na nusu, kisha matokeo yakafungiwa, asiyaone mkubwa wao wala wao wenyewe, ili miaka itoe ushahidi wake bila ya kusaidiwa na mtu. Kulikuwa na zoezi la trei ya barua: mtu huketishwa mbele ya lundo la barua na maagizo, kana kwamba amerithi meza ya meneja aliyeondoka ghafla, naye sharti aamue lipi la kujibiwa leo, lipi la kukabidhiwa mwingine, na lipi ni la moto ingawa limeandikwa kwa upole. Miaka ilipopita, waliotabiriwa kupanda walionekana kupanda kuliko wenzao, na kampuni nyingi zikaitaka mbinu hiyo, iliyopewa jina la kituo cha upimaji.

Hapo ndipo hatari ilipoingia. Kila mwenye chumba na karatasi aliweza kudai kwamba anapima watu. Wakati huohuo mahakama zilikuwa zimeamka. Tarehe 2 Julai 1965, siku ileile sheria ya kukataza ubaguzi kazini ilipoanza kutumika, kampuni ya umeme ya Duke Power, huko North Carolina, iliweka sharti la mitihani ya karatasi kwa kazi zenye mishahara mizuri. Wafanyakazi weusi 13, akiwamo Willie Griggs, walishtaki, na tarehe 8 Machi 1971 Mahakama ya Juu ikahukumu kwa kauli moja kwamba mtihani unaowafungia mlango watu wa rangi moja, nao hauna uhusiano na kazi yenyewe, haukubaliki hata kama mwenye kuuweka hakukusudia ubaya.

Wapimaji wakaanza kukutana katika kongamano la kimataifa mwaka 1973, na la tatu likafanyika Quebec, nchini Kanada, mwezi Mei 1975. Aliyewahi kuandaa mkutano wa watu wa fani moja anaijua taabu yake, na anajua pia kwamba aghalabu watu hurudi makwao na mkoba wa karatasi na picha ya pamoja. Wa Quebec walirudi na ahadi iliyoandikwa, nami nalihesabu jambo hilo kuwa tukio kubwa kuliko yote katika historia ya fani hii.

Waraka wao ulibainisha kwamba jengo lililobandikwa jina la kituo cha upimaji si kituo cha upimaji. Wala jopo la wasaili si kituo, wala hukumu ya mtu mmoja, hata awe bingwa. Kazi yenyewe ichunguzwe kwanza. Pawe na zoezi linalofanana nayo. Wapimaji wawe zaidi ya mmoja, nao wawe wamefunzwa. Na wakati wa kutazama usichanganywe na wakati wa kuhukumu: kila mmoja aandike alichokiona, kisha wote wakutane, mithili ya kadhi asiyekata shauri kabla mashahidi hawajamaliza kunena. Naye mpimwa aelezwe kabla ya kuanza muradi wa mtihani na matumizi ya matokeo yake.

Waraka huo umesahihishwa mara kadhaa bila ya kung'olewa msingi wake. Toleo la sita lilipitishwa mwaka 2014 katika kongamano la 38, lililokutana Alexandria, Virginia, mji ulio mwendo mfupi tu kutoka Fairfax ya Kippy na Buster, na haki ya mpimwa kuelezwa imo ndani yake.