Kabla hujakopa kununua mashine ya kuchapa fulana: somo la nguo katika pwani yetu

Msimu wa korosho ukikaribia, maswali ya viuatilifu hupungua na maswali ya biashara huongezeka. Watu wanajua fedha inakuja, na kila mmoja anatafuta pa kuiweka. Mwaka huu swali linalojirudia ni hili: "Afisa, mashine ya kuchapa fulana na vikombe inalipa?"

Kikundi kimoja cha vijana, katika kijiji cha bonde la chini la Ruvuma, kilinijia na fomu ya mkopo iliyokwisha kujazwa. Walitaka printa na ile pasi kubwa ya joto ambayo vijana wanaiita hiti presi. Kazi ya majaribio walikuwa wameshaifanya: fulana 30 za sare ya unyago, zilizochapwa mjini kwa mtu mwenye mashine. Picha zilitoka zimefifia kidogo. Zilipofuliwa mara mbili, vikabaki vivuli. Mteja akadai fedha yake, nao walikuwa wameshaitumia. "Tumeuziwa wino feki," wakaniambia.

Niliziangalia zile fulana. Zilikuwa pamba tupu. Wino haukuwa feki, ila haukukutana na nguo yake. Kosa hilo si geni, kwa hiyo leo nataka tutazame nyuma kidogo kabla ya kuzungumzia mashine. Pwani hii imefanya biashara ya kutia rangi na maneno kwenye vitu vya kutoka nje kwa miaka mingi sana, na historia hiyo inaonyesha nani alipata na nani alipoteza.

Nguo ya Kirimba na uzi wa Cambay

Ukisimama Msimbati ukatazama kusini, ng'ambo ya mlango wa Ruvuma ndiko pwani inakoelekea visiwa vya Kirimba, ambavyo leo viko Msumbiji. Wareno walipofika huku katika karne ya 16 walikuta watu wa visiwa hivyo wanafuma nguo za pamba na kuzitia rangi ya buluu kwa nili, mmea unaoota huku huku. Nguo hizo ziliitwa maluane, na Wareno wakaviita hata visiwa vyenyewe kwa jina hilo.

Mbali zaidi kusini, Sofala, mafundi walikuwa na pamba lakini hawakuwa na rangi ya buluu. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne hiyo, anaeleza walivyofanya: walinunua nguo za buluu kutoka Cambay, India, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakafuma upya wakichanganya uzi ule na wao mweupe. Kilichotoka kilikuwa nguo ya Sofala.

Tafakari hapo. Fundi yule hakuwa na kiwanda cha rangi. Alinunua bidhaa ya nje, akaongeza kazi ya mwisho inayopendwa na majirani zake, akauza. Kijana anayenunua kikombe cheupe kutoka China na kukiandika "Hongera Mama Mwali" anafanya kazi ileile. Hakuna aibu ndani yake, na inaweza kulipa. Lakini fundi wa Sofala alijua uzi gani unakubali rangi gani, na alijua nani atanunua.

Merikani: jina linabaki, mali inabadilika

Katika karne ya 19 nguo nyeupe ya pamba kutoka Marekani ilifurika Zanzibar, ikaenea bara. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na meli za mji wa Salem zikawa zinaleta majora kwa majora. Watu wakaiita merikani. Ikitiwa rangi nyeusi au buluu iliyokolea, iliitwa kaniki. Kwenye misafara nguo ilikuwa ndiyo fedha: David Livingstone aliposhuka Mikindani mwaka 1866 kuanza safari ya kuelekea Ruvuma, chakula na ruhusa ya kupita alivilipia kwa nguo.

Kisha Wamarekani wakapigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, na pamba yao ikaadimika. Nguo za Uingereza, na baadaye za viwanda vya Bombay, zikachukua nafasi. Jina la merikani likabaki, lakini mali ilikuwa ya mtu mwingine. Mfanyabiashara aliyetegemea mleta mzigo mmoja alijikuta mikono mitupu kwa vita asiyoijua. Nawe leo karatasi yako, wino wako na vikombe vyako vyote vinatoka mbali. Usianze kazi ukiwa na duka moja tu la kununulia.

Kanga: aliyesikiliza wanawake

Mwishoni mwa karne hiyo ikaja kanga. Inasimuliwa kwamba wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunganisha tatu juu na tatu chini wakapata vazi moja. Neno leso lenyewe tulilipata kwa Wareno. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyochapwa nzima, yenye pindo na mji, na baadaye jina, yaani yale maneno ya chini.

Usiichukulie kanga kama pambo tu. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Merikani na kaniki zilikuwa nguo za mtumwa na maskini. Mwanamke aliyekuwa mtumwa jana, akijifunga doti ya kanga leo, alikuwa anasema mbele ya watu kwamba yeye ni mtu kama wengine. Bandari yetu ya Mikindani, iliyowahi kupitisha watumwa, inajua uzito wa jambo hilo.

Kanga zenyewe zilichapwa mbali: Uingereza, Uholanzi, India, baadaye Japani. Lakini duka lililoamua nini kichapwe lilikuwa huku. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara mwaka 1887, na kanga zake zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zinauzwa hadi leo. Wenye maduka kama yeye walisikiliza wateja: rangi ipi, maua yapi, maneno gani. Mitindo ilibadilika upesi, na aliyeagiza mzigo mkubwa bila kuuliza wanawake alibaki na majora rafuni.

Kiwanda cha Manchester kiliweza kuchapa chochote. Kisichojua ni maneno gani mke mwenza atamwambia mke mwenza bila kufungua kinywa. Ujuzi huo ulikuwa huku, na faida ya duka ilitegemea huo.

Baada ya Uhuru tukajenga viwanda vyetu. Urafiki wa Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa China, ulifunguliwa mwaka 1968, ukachapa kanga na vitenge. Wazee wetu watakusimulia uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, foleni za kugawiwa nguo, kisha biashara ikafunguliwa na mitumba ikafurika. Viwanda vingi vya nguo vikayumba. Mashine zilikuwepo, lakini mnunuzi alikuwa ameshapata pengine pa kwenda.

Wino unaogeuka mvuke

Sasa tuje kwenye mashine ya vijana wetu. Njia hii inaitwa sablimesheni. Mwanzo wake unatajwa kuwa Ufaransa mwaka 1957, ambako Noël de Plasse, aliyefanya kazi katika kampuni ya nguo, aliona kwamba rangi fulani zikipata joto kali hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuyeyuka kwanza kuwa maji. Kwa miaka mingi ilibaki kazi ya viwanda. Printa ndogo za wino zilipoenea, ikaingia vyumbani mwa watu.

Inavyofanya kazi: unachapa picha kwenye karatasi maalumu, ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo. Unaibandika kwenye fulana au kikombe, unabana kwa joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Fulana huchukua kama dakika moja, kikombe dakika chache zaidi. Rangi inageuka mvuke, inaingia ndani ya poliesta, na ikipoa inabaki humo. Haibanduki wala haichuji.

Umesoma neno poliesta. Hapo ndipo vijana wetu walipoumia. Pamba haishiki rangi hii. Kikombe cha kawaida cha sokoni hakiishiki pia. Lazima kiwe kimepakwa utando maalumu kiwandani. Na kwa kuwa wino huu hauna rangi nyeupe, hauonekani kwenye kitambaa cheusi. Kinachokubali ni poliesta nyeupe au ya rangi nyepesi. Ndiyo maana jezi nyingi za mpira huchapwa hivi: jezi ni poliesta.

Somo la karanga

Mzee mmoja akisikia habari ya mashine mpya huniuliza, "Ni kama zile za karanga?" Ana haki. Bandari ya Mtwara tunayojivunia ilizaliwa na Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947. Walileta matrekta kwa mamia kabla ya kuujua udongo na mvua za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walijenga reli kutoka Mtwara kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, pauni zaidi ya milioni 30 zikiwa zimepotea, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Matrekta yalifanya kazi. Shamba ndilo halikuulizwa.

Kwa hiyo, ukitaka kuanza, fanya hivi

Kwanza, uza kabla ya kununua mashine. Chukua oda tatu au nne, peleka kwa mwenye mashine mjini, lipa gharama yake, angalia kinachobaki na wanaorudi.

Pili, soma lebo ya nguo. Kama ni sare ya poliesta au jezi za timu ya kijiji, sablimesheni inafaa. Kama mteja anataka pamba au fulana nyeusi, kuna njia mpya inayoenea haraka inayoitwa DTF: picha huchapwa kwenye plastiki nyembamba, hunyunyiziwa unga wa gundi, kisha hubandikwa kwa joto. Printa yake ni ghali na wino wake mweupe huganda usipotumiwa kila mara. Lakini unaweza kuagiza picha zilizochapwa tayari kutoka Dar es Salaam, ukawa na hiti presi tu. Kwa mtu wa kijijini, huu ndio mlango mwembamba usio na hatari kubwa.

Tatu, kumbuka unyevu wa pwani. Tunza karatasi kwenye mfuko uliofungwa vizuri, na ipige pasi nguo kwa sekunde chache kabla ya kubandika picha. Unyevu huleta madoa. Uliza pia umeme wenu: hiti presi hula umeme mwingi, na ukikatika katikati ya kazi, kipande hicho kimeharibika.

Nne, piga hesabu. Bei hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme kikombe cheupe ni shilingi 4,000, karatasi na wino 500, umeme 200. Vikombe 10 ni 47,000. Kimoja kikiharibika unauza 9 kwa 8,000, unapata 72,000. Inabaki 25,000. Toa nauli 10,000, inabaki 15,000. Ukikopa 1,500,000 ya mashine, utahitaji mizunguko 100, yaani kuuza vikombe 900, kabla hujapata senti ya kwako. Je, kijiji chako na majirani wana wanunuzi 900 wa vikombe?

Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri hauna riba, lakini unarudishwa. Nenda SIDO uulize kabla ya kusaini, si baada.

Tano, usichape nembo za Simba, Yanga au kampuni yoyote bila kibali. Nembo zina wenyewe na sheria ipo.

Sita, tumia ulichonacho ambacho kiwanda cha mbali hakina. Wewe unajua mwali wa nani anatoka lini, timu gani imeingia fainali, somo anamwambia nini mwari, maneno gani ya Kimakonde yatamfanya bibi acheke na kutoa noti. Andika hayo.

Vijana wale hawakuwasilisha fomu. Walimrudishia mteja nusu ya fedha, wakamwahidi iliyobaki baada ya mnada wa korosho. Kisha wakaenda kuzungumza na makapteni wa timu sita za kata yao kuhusu jezi. Timu nne zimetoa malipo ya awali. Mashine bado ni ya mtu wa mjini.

Nawe kabla ya kuingia dukani, chukua fulana unayotaka kuchapa, igeuze, soma lebo.