Karatasi ya Bwana na Jina la Nkambo: Utafiti wa Nasaba kati ya Virginia na Katanga

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha Katanga neno nkambo humtaja babu au bibi aliye hai, na humtaja vilevile mzee wa ukoo aliyefariki zamani kabla ya mjukuu kuzaliwa. Huko Kasungami, mtaa ulio katika Komini ya Annexe pembezoni mwa jiji la Lubumbashi, kama ilivyo katika mitaa mingine ya jiji hilo, kumwuliza mtu nkambo wake alitoka wapi si swali la kupitisha wakati. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, na sehemu kubwa ya wakazi wake ni wazao wa watu waliotoka mbali: Kasai, Lomami, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, Rwanda na Burundi. Jamaa nyingi za jiji zinajua zimefika. Mahali zilipotoka zinapajua nusunusu.

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki swali hilohilo huulizwa na Wamarekani Weusi, nao hulijibu kwa taabu kubwa zaidi, kwa kuwa mababu zao hawakuajiriwa bali walinunuliwa. Hali hizi mbili si sawa, na makala haya hayakusudii kuzifanya sawa. Hata hivyo zinafanana katika jambo moja la msingi: nkambo aliandikwa na yule aliyeimiliki kazi yake, na aliandikwa kwa ajili ya hesabu, si kwa ajili ya ukoo. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi karatasi za namna hiyo zinavyosomwa, jinsi zinavyokutanishwa na kumbukumbu za jamaa, na kwa nini kumheshimu nkambo kunadai kuikubali hali yake halisi, ikiwa ni pamoja na utumwa.

2.0 Ukuta wa mwaka 1870

Mtafiti wa nasaba ya Wamarekani Weusi hurudi nyuma bila shida kubwa mpaka hesabu ya watu ya mwaka 1870. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ya Marekani iliyowaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Katika hesabu za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa katika orodha za pekee: jina la mmiliki, kisha chini yake umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa. Mwanamke aliyezaliwa mwaka 1840 huonekana mwaka 1870 kwa jina lake na umri wa miaka 30. Mwaka 1860 ni mstari tu usemao "umri 20, mwanamke, mweusi".

Kwa hiyo njia ya kupita ukuta huo ni kumtafuta kwanza mmiliki. Mtafiti husoma wosia wake, orodha za mali ya marehemu, hati za mauzo na kodi, maana mtumwa alirithishwa na kuuzwa kama ng'ombe, na katika hati hizo jina lake la kwanza mara nyingi lilitajwa pamoja na bei. Mtego mmoja unajulikana sana: si kila aliyeachiwa huru alichukua jina la bwana wake wa mwisho. Wengine walichukua jina la bwana wa zamani, yule aliyewahi kummiliki baba au mama, ili kuhifadhi alama ya ujamaa ambao mauzo yaliuvunja.

Wahuru wenyewe hawakungoja wanahistoria. Ofisi ya serikali iliyowahudumia baada ya vita, kati ya mwaka 1865 na 1872, ilisajili ndoa zao na mikataba yao ya kazi. Benki ya Freedman's, iliyofunguliwa mwaka 1865 na kuanguka mwaka 1874, iliandika katika daftari zake majina ya wazazi na ndugu za wateja wengi. Gazeti la Southwestern Christian Advocate la New Orleans lilianza mwaka 1879 kuchapa safu ya barua za watu waliowatafuta jamaa zao: mama aliyeuzwa, kaka aliyepelekwa Texas, jina la bwana, jina la mfanyabiashara. Barua hizo ni utafiti wa nasaba uliofanywa na wenye msiba wenyewe.

3.0 Njia mbili za kutoka bara

Je, Katanga inaingia wapi katika habari hii? Waafrika waliofikishwa Virginia mwaka 1619 walikuwa wametekwa katika nchi iliyo nyuma ya bandari ya Luanda, na takriban robo ya Waafrika waliopelekwa moja kwa moja Amerika ya Kaskazini walitoka Afrika ya Kati ya Magharibi. Katika karne ya 18 dola ya Walunda ilipeleka mateka kuelekea Luanda kupitia Kasanje. Inawezekana basi kwamba baadhi ya mababu wa Wamarekani Weusi walizaliwa mbali sana na pwani. Lakini karatasi za meli husema "Angola" tu, na neno hilo liliitaja pwani ya kupakilia, si kijiji cha mama.

Hapa tarehe ni muhimu kuliko hamu. Marekani ilipiga marufuku uingizaji wa watumwa kuanzia mwaka 1808, na biashara ya kwenda Brazil ilikomeshwa mwaka 1850. Msiri, mfanyabiashara Msumbwa aliyejenga dola yake Bunkeya na kuuawa tarehe 20 Desemba 1891, aliuza pembe za ndovu, shaba na watu kwa pande zote mbili, mashariki kwa wafanyabiashara wa pwani ya Waswahili na magharibi kwa Waovimbundu wa Bihe. Mateka aliyetoka Katanga katika miaka ya 1880 kwa njia ya magharibi hakufika Virginia. Wengi wa namna hiyo walibaki Angola au walipelekwa São Tomé.

Baadhi yao walirudi. Mwanahistoria David Maxwell ameeleza, katika makala aliyoichapisha mwaka 2013, habari za watumwa wa zamani waliokuwa wamekuwa Wakristo huko Angola, na ambao katika miaka ya 1910 walirejea katika nchi za Waluba na Wasongye. Mmoja wao, Shalumbo, Msongye, alishirikiana na misheni ya William Burton, iliyoanza mwaka 1915. Watu hao walifanya kwa miguu kile ambacho wazao wa watumwa wa Marekani hukifanya katika nyaraka: walikitafuta kijiji kwa jina walilolikumbuka.

4.0 Katanga: namba na majina

Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 ilianzishwa Bourse du Travail du Katanga, shirika la kuajiri wafanyakazi kutoka mbali, na kuanzia mwaka 1928 kampuni ilifuata siasa ya kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake zao na watoto katika kambi zake. Mfanyakazi alipewa namba, na faili lake lilifuatilia afya yake, kazi yake na watoto wake. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, amezitumia nyaraka za kampuni hiyo pamoja na masimulizi ya wafanyakazi kuandika historia ya jamaa za wachimbaji. Kitabu chake cha mwaka 2001 kinaonyesha kwamba faili peke yake humwonyesha baba kama mwajiri alivyomtaka awe, na masimulizi ndiyo yanayomrudisha nyumbani kwake.

Ugumu wa pili ni majina. Mtu mmoja anaweza kuonekana kwa jina la kijijini, kisha kwa jina la ubatizo lililopachikwa kambini au misheni, kisha kwa jina jingine baada ya mwaka 1972, wakati serikali ya Mobutu ilipopiga marufuku majina ya Kikristo. Jambo la ajabu ni kwamba sheria hiyo, iliyotolewa kwa amri, iliwafanya watu wengi wayaingize katika vitambulisho majina ya mababu ambayo mpaka hapo yalitajwa nyumbani tu. Mtafiti asiyejua hayo atahesabu watu watatu palipo na mmoja.

Lubumbashi ina pia mfano wake wa historia iliyoandikwa na wenyewe. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani, historia ya mji kwa Kiswahili cha mji. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Walioandikwa na mabwana kama watumishi wamejiandika humo kama watu wenye mababu.

5.0 Ushahidi wa mdomo na mipaka yake

Masimulizi nayo yana sheria zake. Alex Haley alichapisha Roots mwaka 1976, akieleza kwamba mtambaji mmoja wa Juffure, Gambia, alimthibitishia habari za babu yake Kunta Kinte. Kitabu hicho kiliwaamsha Wamarekani Weusi wengi, na mwaka uliofuata chama cha historia na nasaba yao kiliundwa Washington. Lakini wachunguzi walionyesha kwamba nyaraka za Virginia hazikubaliani na simulizi hilo, na kwamba kijijini mgeni aliambiwa mambo ambayo tayari ilijulikana anayatafuta.

Kongo ina kisa cha mapema zaidi. William Henry Sheppard, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1865, alifika Kongo mwaka 1890 akiwa mmisionari, na mwaka 1892 akaingia katika mji mkuu wa Wakuba. Mfalme Kot aMweeky na watu wake walimpokea kama Bope Mekabe, mmoja wa watawala wao wa zamani, aliyerudi. Wakuba hawakudanganya: walimweka mgeni mahali pekee ambapo nasaba yao ilikuwa na nafasi kwa mtu mweusi aliyetoka mbali naye anaijua lugha yao. Hata hivyo pokezi hilo si ushahidi kwamba babu yake Sheppard alikuwa Mkuba.

Tahadhari hiyohiyo yahusu vipimo vya damu na mate vinavyotumika leo. Kipimo cha ukoo wa mama hufuata mstari mmoja tu, ilhali katika kizazi cha kumi kila mtu ana nafasi za mababu 1,024. Jibu litajalo kabila moja ni kweli kuhusu mmoja wao, na huwanyamazia wengine 1,023.

6.0 Kumheshimu nkambo

Lipo jambo ambalo Katanga inaweza kujifunza kutoka kwa Wamarekani Weusi. Huko Marekani utumwa wa babu hauna budi kutajwa, maana bila kuutaja hakuna nasaba. Katika nchi za Waluba na Walunda mtumwa aliyenunuliwa aliingizwa katika ukoo. Watoto wake wakawa wajukuu wa nyumba hiyo, na asili yake ikasitiriwa. Sitara hiyo ilikuwa na hekima, kwa sababu ilimlinda mtoto asitukanwe. Lakini iliyomlinda mtoto ndiyo iliyomfuta mama. Kizazi cha nne kinamwombea nkambo aliyemnunua, na aliyenunuliwa hana wa kumtaja.

Mwaka 1991 makaburi ya Waafrika wa karne za 17 na 18 yaligunduliwa New York wakati wa ujenzi. Mabaki ya watu 419 yalichunguzwa, kisha Oktoba 2003 yakazikwa upya kwa heshima, katika majeneza yaliyochongwa Ghana. Hakuna kati yao aliyejulikana kwa jina, na hakuna aliyebuniwa jina ili sherehe ipendeze. Walizikwa kama walivyopatikana: watu waliofanya kazi, waliougua, waliozaa na kuzika watoto.

7.0 Hitimisho

Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni iliyoirithi Union Minière, waliachishwa kazi kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa walioajiriwa enzi za Bourse du Travail, na kizazi hicho kinapungua kila mwaka. Wanafunzi wa historia na wa Kiswahili wana kazi mbele yao, Kasungami na kwingineko: kuandika kwa kila mzee majina yake yote, namba yake ya kazi na ya baba yake, kijiji, chifu, na jina la mama kabla ya jina la baba. Panapokuwa na kimya, kimya hicho kiandikwe kuwa kimya. Na mzee akimtaja kwa sauti ya chini bibi "aliyekuja na msafara", asiharakishwe wala asisahihishwe, maana huenda ikawa mara ya kwanza bibi huyo kutajwa mbele ya wajukuu zake.